Nani Huko Chini?

Saa nane kasorobo usiku sakafu ilifura
kama maziwa yaliyosahaulika jikoni,
kisha ikatua.
Visu vikalia vyenyewe juu ya meza za bati,
makasha ya samaki yakaporomoka, barafu ikatapakaa,
nasi tukatoka mbio na buti zetu za mpira
hadi uwanjani, kwenye manyunyu,
watu arobaini na watatu. Niliwahesabu mimi,
Semisi, karani wa makasha.

Mkaguzi yuko njiani, wakasema.
Njia imekatika, wakasema baadaye.
Kusini ya Nyuzilandi, Julai, baridi ya kung'ata masikio.
Hakuna aliyetangulia kuita hadithi, hadithi.
Ilianza kama malalamiko.

"Kambare," alisema Tokuzo, akipangusa miwani.
Kwao kuna kambare mkubwa chini ya tope,
jiwe limemkalia kichwani, na mlinzi yu juu ya jiwe.
Mlinzi akizubaa kidogo tu,
mkia huo!
Tokuzo amepasua samaki miaka kumi na tisa.
Aliitazama mikono yake kama mtu anayedaiwa.

Glafira akacheka. Samaki gani! Ni mbwa.
Kwao Kamchatka, mwenye nchi ya chini
husafiri thelujini akivutwa na mbwa,
na theluji ikimganda manyoyani, mbwa hujikung'uta.
Ndiyo hivyo tu. Hana ubaya na mtu.

Høgni, fundi wa mitambo ya barafu,
hupima maneno kwa kijiko.
Alisema: wazee wetu, kabla ya kanisa,
walimjua mmoja aliyefungwa mwambani kwa makosa yake.
Nyoka juu ya uso wake, sumu tone kwa tone.
Mkewe amekinga bakuli.
Bakuli likijaa, huenda kulimwaga.
Basi. Ni hapo.

Tukanyamaza.
Kisha wanawake wa meza ya tatu wakataka kujua
kama mikono haimuumi huyo mke,
na kwa nini hakuna wa kumpokea zamu.
Høgni alifikiri sana.
"Habari za mikono," alisema, "hawakutuachia."

Nami nikasema ya kwetu Tonga:
yupo aliyeibeba ardhi begani,
na uchovu ukimzidi husinzia.
Bibi yangu alikuwa akitoka nje na ukuni,
akiipiga ardhi, "Amka! Usilale!",
mimi nyuma yake na kopo tupu la biskuti,
nikiligonga kwa furaha isiyo na adabu.

"Msimwamshe!"
Huyo ni Ngāhuia, dereva wa mashine ya makasha,
mimba ya miezi sita chini ya koti la manjano.
Hapa ni kwao. Hapa, alisema, ni mtoto,
kitinda mimba asiyezaliwa bado,
yumo tumboni mwa mama ardhi, anajigeuza.
Kelele za nini?

Uwanja ukagawanyika:
hawa wanataka kimya, hawa wanataka makopo.
Mtu akakumbusha mabamba ya miamba,
yale ya shuleni, yanayosuguana.
Tukamsikiliza naye, tukamkubalia.
Lakini hakuna aliyeuliza kama mabamba yamechoka.

Ndipo likaja la pili, dogo.
Tokuzo akainamisha kichwa.
Glafira akapiga mluzi, ule wa kumwita mbwa.
Ngāhuia akashika tumbo: "Na huyu naye!"
Hakuna aliyesema, unaona?

Alfajiri mkaguzi akafika, taa kichwani.
Ufa mmoja ukutani, hauna neno.
King'ora kikalia.
Niliwahesabu wakiingia, arobaini na wawili,
nikashtuka,
nikakumbuka kujihesabu.

Ndani, dari lilikuwa likivuja juu ya meza ya tatu.
Glafira alikwisha kinga beseni, mikono juu,
maji yakimchuruzika hadi kwenye viwiko.
Nikavua glavu.
Lete, nikamwambia. Nikupokee.